Meno ya Nani?

Kusafisha kitu cha marehemu ni kuamua. Unaamua kipi ni uchafu na kipi ni yeye. Babu yangu wa Sigalagala alipozikwa, siku ya kunyoa nywele wazee waligawa vitu vyake: fimbo kwa huyu, koti kwa yule, redio kwa mwingine. Kiko kikaenda kwa baba mdogo, ambaye hata havuti. Naye akaniletea mimi nikisafishe, kwa sababu mimi ndiye mjukuu aliyeacha chuo na kwa hesabu za ukoo wetu nina muda.

Kiko chenyewe ni cha braya, yaani kimechongwa kutoka kwa fundo la mzizi wa kichaka kinachomea pande za Mediterania. Ndani ya bakuli, moshi wa miaka mingi hujenga ganda jeusi la kaboni. Wavutaji hulitaka kidogo, unene wa milimita moja hivi, kwa sababu linakinga mti usiungue. Likizidi, linaweza kulipasua bakuli. Kwa hivyo unalikwangua polepole kwa kisu butu. Harufu ndiyo kazi. Unajaza bakuli chumvi, unadondoshea spiriti, unaacha usiku kucha, na asubuhi chumvi imekuwa rangi ya strungi. Binamu yangu, anayesomea ufundi wa mitambo hapo Sigalagala Poly, alipendekeza chang'aa. Nguvu ingetosha, sikatai, lakini nani anajua huwa wanatia nini ndani.

Binamu huyo huyo ndiye aliyeanzisha ubishi. Alitaka kiko kiwe kipya kabisa, king'ae. Mdomo wa kiko ni wa ebonaiti, mpira uliogandishwa kwa salfa, na ukikaa kwenye mwanga miaka mingi hugeuka kijani-kahawia na kuwa na ladha mbaya. Hiyo unaitoa kwa msasa laini na maji. Lakini mdomo ule pia una mashimo ya meno. Ukipitisha moto wa kiberiti cha gesi chini yake, bila kuugusa, ebonaiti hukumbuka umbo iliyopewa kiwandani, na mashimo huinuka yenyewe. Mpira unajikumbuka na kumsahau aliyeuma. Binamu aliona huo ni muujiza wa fundi. Mimi niliona kama tunamfuta mtu.

Kuna Mwingereza, John Ruskin, aliyeandika mwaka 1849 kwamba kulirudisha jengo la kale katika hali yake ya kwanza ni uongo kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipenda sana hoja hiyo. Ila ni rahisi kusema hivyo kama paa linalovuja si lako.

Tena kuna viko vinavyopindua hesabu yote. Kampuni ya Arusha iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza viko vya nembo ya ndovu, na jina lake likawa Kiko, hivyo hivyo. Vilitumia jiwe jeupe, jepesi, kutoka eneo la Amboseli. Jiwe hilo hunywa lami ya tumbaku na kugeuka taratibu, kutoka weupe hadi rangi ya asali, na wanaokusanya viko huipenda rangi hiyo kama kitu cha thamani. Hakuna anayethubutu kuitoa. Lami ni ile ile! Kwenye mti tunaikwangua, kwenye jiwe tunailipia.

Kwa hivyo uchafu haumo ndani ya kitu. Uko kwa anayekitazama, na hapo ndipo swali langu linapouma: ni nani aliye na haki ya kutazama?

Babu alikipata kiko hicho Rosterman, mgodi wa dhahabu nje kidogo ya mji wa Kakamega, uliofungwa mwaka 1952. Alifanya kazi huko akiwa kijana mdogo. Mzungu mmoja alipofunga virago, kiko kikabaki. Alipewa au alikiokota, inategemea nani anasimulia. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyowaahidi Waafrika ardhi ya hifadhi zao milele. Dhahabu ya Kakamega ikazua mbio mwaka uliofuata, na kufikia 1932 sheria ikabadilishwa ili ardhi ichukuliwe bila kupewa nyingine badala yake. Milele ilidumu miaka miwili.

Sasa angalia mdomo wa kiko. Babu aling'olewa meno mawili ya chini ya mbele akiwa kijana, na alikuwa akikiuma kiko katikati kabisa. Lakini upande wa chini, hapo katikati, kuna mashimo mawili ya kina. Hayo si yake. Ni ya mwenye kiko wa kwanza. Juu, mashimo yamelaliana, na wa kuyatenganisha sijamwona. Nilikuwa natetea meno ya babu kumbe natetea na ya mwajiri wake. Na moto hauchagui. Ukiinua ya mmoja, umeinua ya wote wawili.

Nilimpelekea kukhu kesi hiyo nikitarajia atakuwa upande wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nyinyi mnaita kumbukumbu," akasema. "Mimi nimelala na hiyo harufu miaka sitini. Nimefua mashuka yake, nimemsikia akikohoa usiku mzima. Toa harufu yote. Isibaki."

"Na meno, kukhu?"

"Meno hayanuki."

Sikumwambia kuhusu Mzungu. Nilifikiri, kisha nikaona kwamba yeye, aliyelala na ule moshi, ameshaamua lililomhusu, na mimi niliyekuwa nakuja likizo za Desemba pekee sina la kuongeza. Ninachokiona kizuri kwenye kiko cha babu nilikipata bure. Yeye alikilipia.

Nilibadilisha chumvi mara tatu, mpaka ikatoka nyeupe. Meno nikayaacha. Binamu bado anasema nimefanya kazi nusu.

Kiko kiko kwa baba mdogo. Hatii tumbaku, lakini taarifa ya habari ikianza hukiweka mdomoni na kukitafuna tafuna, hasa wanasiasa wakiongea. Yeye meno anayo yote.