Sura Moja Kati ya Nyingi

Mtu anayetamani miaka nenda miaka rudi kutengeneza wanasesere wa sanaa kwa mikono yake, na bado hajaanza, ukimuuliza sababu atataja muda na pesa. Ni kweli, lakini nashuku ipo nzito zaidi. Mwanasesere aliye kichwani ana sura zote: mara mzee, mara mtoto, mara anacheka, mara amenuna. Siku sindano itakapopita kitambaani kuutia mdomo, sura moja itabaki na nyingine zitakufa. Kuanza ni kupoteza, basi, na nani yu tayari kupoteza alichokitunza muda wote huo?

Käthe Kruse, Mjerumani, hakuwa na cha kupoteza. Mwaka 1905 binti yake alitaka mwanasesere. Max, mchongaji sanamu ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, aliwaona wale wa madukani wanachukiza, akamjibu atengeneze mwenyewe. Kruse akajaza mchanga kwenye taulo, akafunga mafundo, na kichwa akaweka kiazi. Kiazi! Kitu cha kuoza. Hapakuwa na ndoto ya kulinda, alikuwepo mtoto anayesubiri. Kufikia 1910 wanasesere wake walikuwa wakionyeshwa katika duka kubwa la Tietz, Berlin.

Je, kuota ndiko kunakozuia? Sidhani, maana ipo njia ya kutengeneza bila kuziua sura. Mwana hiti, mwanasesere wa Wazaramo, ni kijiti kilichochongwa, kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono, usoni karibu patupu. Ufundi umemiminwa kwenye nywele. Mwali aliyewekwa ndani humlea kama mwana, na uso ataujaza mwenyewe. Aliyemchonga aliacha wazi kwa kukusudia, kisu kikiwa mkononi. Anayeahirisha naye ameacha wazi, ila hana hata kijiti cha kumpa mwali.

Kruse naye hakungoja sura imjie kutoka moyoni. Kichwa cha wanasesere wake wa kwanza wa kuuza kilifuata sanamu ya mtoto inayonasibishwa na François Duquesnoy, mchongaji wa karne ya 17. Aliiazima. Lakini nyuso zilipakwa rangi kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na mkono haurudii mstari sawasawa: nyusi hupanda kidogo, mdomo hulegea. Sura zilizokufa kwa mwanasesere wa kwanza zikaanza kujitokeza kwa wa pili, wa tatu, wa kumi.