Je, Faida ya Wengi Yaweza Kufuta Haki ya Wachache?

Mtu aliyeko Mogitu, katika Wilaya ya Hanang, yu mbali na Ottawa, tena mbali hata na Dar es Salaam. Lakini dunia ya leo imefungamana, hata neno linaloamuliwa katika mji mkuu wa nchi ya kigeni laweza kubadili maisha ya mchungaji asiyepata kuulizwa lolote. Basi yatupasa tuchunguze: je, faida ya wengi yaweza kufuta haki ya wachache?

Tutazame jambo lililotokea katika wilaya hiyohiyo. Tangu mnamo mwaka 1970, shirika la umma lililoitwa NAFCO, likisaidiwa na serikali ya Kanada, lilifungua mashamba ya ngano katika nyanda za Basotu. Mashamba yakafikia saba, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Nyanda hizo zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig. Tena humo walikuwa wamewazika wazee wao watukufu, na baadhi ya makaburi yakapitiwa na majembe ya trekta.

Mtetezi wa mpango huo atasema: miji yahitaji mkate, na taifa linunualo ngano ng'ambo huwategemea wengine. Hoja hii haifai kudharauliwa, maana njaa ni jambo la kweli. Lakini akiongeza kwamba ardhi ile ilikuwa tupu, hapo amekosea. Mfugaji huhama kwa majira ili majani yapate kuota tena. Aliyekwenda kisimani kuteka maji hakuihama nyumba yake.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi kudai ardhi yake. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Fikiri, ndugu msomaji: mtu adaiwe ushahidi wa wenyeji wake, na huku ng'ombe wake wamelishwa katika nyanda zilezile!

Wahenga walisema: Mgala muue, na haki yake mpe. Ikiwa hata adui hanyimwi haki yake, itakuwaje kwa raia mwenzetu asiye na kosa? Haja ya wengi huwapa ruhusa ya kuomba, kushauriana na kulipa. Haiwapi ruhusa ya kunyang'anya. Kama wengi wangekuwa na ruhusa hiyo, hakuna ambaye angesalimika, kwani kila mmoja wetu ni katika wachache kwa jambo fulani.

Kipimo chake ni chepesi. Anayekula mkate mjini na ajiulize: je, ningeridhika kama kaburi la baba yangu lingelimwa bila mimi kuulizwa, ili mgeni nisiyemjua apate kushiba? Akijibu hapana, basi ameijua haki ya mchungaji wa Hanang, na hawezi tena kudai kwamba hayamhusu.