Simama, Uulize Njia
Neno: Yeremia 6:13–17

Anayepotea katika msitu wa Mau hujua mapema kwamba amepotea: miti humbana, mwanga hupungua, moyo humdunda. Kwenye mashamba ya chai ya Kericho na Bomet mambo ni mengine. Michai imekatwa sawasawa, usawa wa kiuno, na mkimbiaji anaona bonde hadi bonde. Njia ya udongo mwekundu ni safi, mteremko unamsaidia, na hewa ya mita 2,000 juu ya bahari ni baridi na tamu. Anakata kona, michai. Anakata nyingine, michai ile ile na safu nyingine ya mikaratusi. Ameshapotea kitambo, na bado anajisifu kwa mwendo wake.

Yerusalemu ya Yeremia ilikuwa hivyo. Mstari wa 16 tumezoea kuusoma peke yake, mara nyingi ili kuwakemea vijana, nyimbo zao na mavazi yao. Hebu turudi nyuma kidogo. Mstari wa 13 unataja tamaa ya mali, tangu mdogo hadi mkubwa, nabii na kuhani wakiwemo. Wa 14 unawashtaki waliolifunga jeraha la watu juu juu, wakawatuliza kwa amani isiyokuwepo. Hakuna aliyekuwa nyikani akilia. Walikuwa wanateremka vizuri tu, na ndiyo maana amri ya kwanza ya Mungu kwao ni kusimama. Kutazama na kuuliza mapito ya zamani kunafuata.

Kusimama kunamuuma mkimbiaji, hasa aliyevaa saa inayohesabu kila sekunde. Kuuliza kunamuuma zaidi, kwa hiyo hujitafutia kanuni yake mwenyewe: fuata mto. Mto upi? Itare na Nyangores zote zinatoka Mau. Itare itamwelekeza Ziwa Victoria. Nyangores inapita Tenwek, inaungana na Amala kuwa mto Mara, kisha huyoo, Serengeti.

Na wachunaji wapo pale pale. Mama ana kikapu mgongoni, aproni ya plastiki imelowa umande, vidole vinachagua majani mawili na chipukizi bila yeye kuvitazama. Usimpigie kelele ukipita mbio. Simama, umwamkue: “Chamgei, mama.” Ataitikia, na kabla ya kukuelekeza atakuuliza unatoka wapi, kama malaika alivyomuuliza Hajiri katika Mwanzo 16. Asipojua utokako, hawezi kujua ulipopotelea. Kisha atakuonyesha kijia chembamba kati ya michai, ambacho ulikipita bila kukitazama mara ya pili. Yeye anakijua kwa mzigo. Majani yaliyochunwa hayalazwi shambani. Lazima yafike kiwandani mapema, kwa hiyo kijia kile kinakwenda hadi kituo cha kupimia, na kutoka hapo kuna barabara ya lori hadi kiwandani.

Mapito ya zamani ya Yeremia nayaona hivyo: yalipitwa na watu waliobeba mzigo wakafika nao. Uzee wa njia peke yake si sifa, maana hata kuabudu sanamu kulikuwa kwa zamani sana. Mungu aliwaambia waulize katika mapito hayo ni ipi njia iliyo njema.

Raha ya nafsi ya mstari wa 16 imeahidiwa kwa wanaokwenda. Maelekezo ya mama hayakuondolei kilima, wala mvua ya mawe ambayo huku hupiga alasiri bila kubisha hodi. Watu wa Yerusalemu walielekezwa vizuri kabisa, wakajibu kwamba hawataki kwenda. Jibu hilo hunisumbua kuliko dhambi zote zilizotajwa kabla yake. Lakini mstari wa 17 unaonyesha Mungu akiwawekea walinzi, na tarumbeta.

Katika maombi yako leo, mtaje kwa jina mtu aliyewahi kukwambia kwamba huko unakokwenda siko, hasa kama ulimkasirikia.