Mkesha wa Watakatifu Wote



Tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Huko Marekani mkesha huo, uitwao Halloween, umegeuzwa biashara ya kutishana. Bustani ya starehe ya Knott's Berry Farm, California, ilianza mwaka 1973: watu waliovaa vinyago vya kutisha huvizia wageni gizani. Universal, Florida, ilifuata mwaka 1991, nayo hushauri watoto walio chini ya miaka 13 wasipelekwe. Disney, pia Florida, tangu mwaka 1995 huwagawia watoto peremende, nao hucheka.

Tukizilinganisha, ya Disney yatupendeza zaidi. Sisi tuliofundisha twawahurumia wadogo. Lakini hata kwingine mgeni hulipa akijua upo mlango wa kutokea. Hofu yake ni mchezo.

Yetu si mchezo. Wangapi kati yetu hupita makaburi ya kanisa usiku mbio mbio, hali wamelala pale wazee waliotufundisha kusali? Walipokuwa hai tuliwakimbilia, leo twawakimbia!

Tarehe 2 Novemba tutawakumbuka marehemu wetu kwa majina. Tuyaandike mapema, tumpe mzee wa kanisa.