Shukrani ya Askari Aliye Mbali

Askari anapopokea kifurushi kutoka nyumbani, anashukuru kitu au mtu? Tangu Julai 2021 wanajeshi wa Rwanda wako Cabo Delgado, Msumbiji. Kwa mwana wa wilaya ya Rusizi aliye huko, sambaza wakavu, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wana thamani kupita bei yao sokoni Kamembe, kwa kuwa kuna aliyewaanika, akawafunga, akamkumbuka. Vivyo hivyo Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwashukuru Wafilipi kwa msaada aliopelekewa na Epafrodito, akieleza kwamba alichotamani zaidi ni baraka kwa watoaji. Uislamu nao hufungamanisha kuwashukuru watu na kumshukuru Mungu. Basi shukrani ni kukiri undugu, nayo hutimia askari anapowagawia wenzake wasiotumiwa kitu.