Dawa na Dawa za Kulevya

Katika mtaa wa Kigobe, hapa Bujumbura, lipo jengo ambamo Bunge la Taifa limekutana kwa miaka mingi. Kila tupitapo mbele yake hutujia swali: je, yafaa sheria ikataze kitu kwa sababu wengine hukitumia vibaya? Natutazame mfano wa ketamini.

Ketamini haioti shambani. Iliundwa maabarani mwaka 1962 na mwanakemia wa Marekani, Calvin Stevens. Molekuli yake ina atomu 13 za kaboni, 16 za hidrojeni, na moja moja ya klorini, naitrojeni na oksijeni. Huziba vipokezi fulani ubongoni. Mgonjwa hahisi kisu, lakini kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Aidha, aweza kuona njozi na kujihisi ametengana na mwili wake. Edward Domino na Guenter Corssen walipoijaribu kwa watu mwaka 1964, kampuni haikupenda hali hiyo iitwe ndoto. Mkewe Domino ndiye aliyependekeza neno lenye maana ya kutengana.

Wapo wanaozitafuta njozi hizo kwa anasa, na wanaoizoea huweza kuharibikiwa na kibofu cha mkojo. Kwa ajili hiyo China ilipendekeza dawa hii iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Shirika la Afya Duniani, lililoiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 1985, lilipinga. Na mwaka 2015 uamuzi ukaahirishwa katika Umoja wa Mataifa.

Mzazi wa kijana aliyepotea anastahili kusikilizwa. Lakini yupo pia mama anayepasuliwa ili ajifungue, katika hospitali ya vilimani isiyo na mashine ya nusukaputi wala umeme wa kutegemewa. Dawa hiyo ikiadimika, ataadhibiwa yeye asiyekosa. Kwa maoni yetu, ifungiwe kabatini, iandikwe daftarini, itolewe na mganga aliyefunzwa, lakini isikatazwe.

Sisi walimu tuna sehemu yetu. Kiswahili husema "dawa" kwa kiponyacho na "dawa za kulevya" kwa kiangamizacho: neno ni lile lile, kinachobadilika ni tendo linaloliandama. Basi tuwazoeze wanafunzi wetu, kabla ya kuhukumu, kuuliza: dawa hii ni ya nani, kwa kiasi gani, na kwa haja gani?