Ahadi ya Mwanafunzi Ugenini

Katika darasa letu limezuka swali ambalo wengi hulijibu kabla ya kulipima. Kijana Muislamu akenda kusoma katika nchi isiyo ya Kiislamu, akatia sahihi yake katika karatasi za serikali ya nchi ile, je, maneno aliyoyaandika yamfunga mbele ya Mwenyezi Mungu kama yamfungavyo maneno anayowaambia ndugu zake msikitini? Au ile ni karatasi tu, ya kuandikwa lolote litakalompatia mtu haja yake?

Twapenda kulitazama swali hili kwa mfano wa mahali hasa, kwani swali la tabia lisilo na mahali huwa jepesi, na kila mtu hulijibu kwa uzuri. Mahali petu ni Nakuru, na safari yetu ni ya Italia.

Nakuru si mji mgeni kwa watu wa pwani. Reli iliyotoka Mombasa ilifika huko mwaka 1900, na kwa njia ya reli wakafika wachukuzi, mafundi na wafanyi biashara, miongoni mwao Waislamu wa kila asili: Waswahili, Wanubi, Wasomali na Wahindi. Wengi wetu tuna jamaa huko. Mji umekua hata mwaka 2021 ukapewa daraja la jiji. Karibu yake, huko Njoro, kipo Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanzishwa mwaka 1939 kuwa shule ya ukulima kwa vijana wa Kizungu, na tangu mwaka 1987 ni chuo kikuu cha watu wote. Hata hivyo wako vijana watazamao mbali zaidi, na Italia ni moja katika nchi wazitazamazo, kwa sababu ada za vyuo vya serikali huko hupimwa kwa pato la mzazi, na mwenye uhitaji huweza kupata msaada.

Wala Wataliani si watu tusiowajua. Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru kwa njia ya chini, apitapo Mai Mahiu, huona kando ya barabara kanisa dogo mno. Walilijenga wafungwa wa vita wa Kitaliani mwaka 1942, walipokuwa wametiwa na Waingereza katika kazi ya kuikata barabara ile kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Nasi wa pwani twawajua kwa Malindi, ambako tangu miaka ya 1960 wana kituo chao cha San Marco cha kurushia vyombo vya angani, na baadaye wakajaa kwa hoteli na majumba. Wala hatusahau kwamba serikali yao ndiyo iliyoitawala Somalia na Eritrea, na ndiyo iliyomnyonga Omar al-Mukhtar huko Libya mwaka 1931. Haya yote tuyaweke mbele yetu, kwani yatarudi katika hoja.

Basi tuseme kijana wa mtaa wa Bondeni, Nakuru, amekubaliwa katika chuo cha Bologna, ambacho Wataliani husema kilianza mwaka 1088. Maisha yake huko yatakuwaje?

Siku zake za kwanza ni siku za karatasi. Hupewa siku 8 za kazi tangu kuwasili ili aombe kibali cha kukaa. Hupeleka maombi yake posta, kisha huitwa polisi kutiwa alama za vidole, na pengine hungoja miezi kabla ya kukipata kibali chenyewe. Hutafuta chumba, na mara nyingi hukaa wawili au watatu chumba kimoja, na wako wenye nyumba wapokeao kodi bila ya mkataba ulioandikishwa. Masomo mengi ni kwa Kitaliani. Wakati wa chakula, katika bwalo la wanafunzi, hana budi kuuliza kila sahani, kwa kuwa nyama ya nguruwe huweza kufichwa hata ndani ya mchuzi wa tambi. Ramadhani ikiangukia Juni, kama ilivyokuwa mwaka 2015 na 2016, saumu yake hupita saa 16. Na ingawa Roma una msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995, katika miji mingi Ijumaa huswaliwa katika kumbi zilizokuwa zamani maghala au karakana.

Kisha huja mitihani, na hapa kijana wetu atajiona kama yuko nyumbani. Mitihani mingi ya Italia ni ya mdomo. Mwanafunzi hukaa mbele ya mwalimu, huulizwa, hujibu, na hupewa alama katika 30. Apataye 18 amepita, na asiyeridhika na alama yake mara nyingi huweza kuikataa akarudi siku nyingine. Aliyepata kukaa mbele ya sheikh na kitabu mapajani aijua hali hii. Pale hapana pa kujificha. Mwenye kujua hujulikana, na asiyejua hujulikana.

Lakini penye karatasi pana maficho, na hapo ndipo palipo na mtihani mkubwa. Mikoa ya Italia hutoa msaada wa masomo: fedha, chakula, na pengine chumba. Msaada huo hupimwa kwa pato na mali ya jamaa ya mwanafunzi. Mtaliani pato lake laonekana katika daftari za serikali yake. Kijana wa Nakuru huleta hati kutoka kwao, zikafasiriwa na kuthibitishwa. Afisa aliyeko Bologna haioni nyumba ya kupangisha iliyo Nakuru, wala shamba la Njoro, wala gari la abiria liendalo Naivasha kila asubuhi. Huyaamini aliyoandikiwa. Na kitu atakachopewa mtu kwa kuaminiwa, katika lugha yetu kina jina moja tu, nalo ni amana.

Sasa wako wasemao kwamba kuficha mali katika hati zile si dhambi, au ni dhambi ndogo, nao wana hoja tatu. Insafu yatupasa tuzisikilize.

Hoja ya kwanza husema kwamba ile ni mali ya watu wasio wa dini yetu, basi hapana haramu katika kuitwaa kwa hila. Hoja hii haina msingi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohama Makka usiku, watu wa mji ule walikuwa wamekwisha azimia kumwua; na hata hivyo nyumbani mwake mlikuwa na amana zao, naye akamwacha Sayyidna Ali nyuma ili azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa amana ya anayetaka kukuua hairuhusiwi kuliwa, vipi itaruhusiwa amana ya aliyekupa kitanda na chakula? Na maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema wazi kwamba Muislamu aingiaye nchi ya watu wengine kwa amani yao, basi nao wamesalimika naye, na si halali kwake kuwafanyia khiyana katika mali zao. Kibali cha kukaa ni nini kama si hiyo amani yenyewe iliyoandikwa?

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Husema: watu hawa walitutawala na kutudhulumu, basi tulichukualo kwao ni deni letu. Hatukatai dhulma ile, tumekwisha kuitaja. Lakini mwenye kudai deni hulidai mchana, kwa jina lake, mbele ya mashahidi. Halidai kwa kuandika kwamba baba yake hana shamba. Tena tumwulize mwenye hoja hii: huyo unayemnyang'anya ni nani? Fedha za msaada zina mpaka. Imetokea katika mikoa mbalimbali, na kwa miaka mingi, kwamba wanafunzi waliotimiza masharti yote wameandikwa kuwa wanastahili, kisha wasipate kitu kwa kuwa fedha zimekwisha. Wataliani wana jina maalumu la watu hao: wanaostahili wasiopewa. Basi uongo ulioandikwa Nakuru haumfiki waziri wa Roma, wala haumfiki yule aliyemnyonga Omar al-Mukhtar. Humfika kijana maskini aliye nyuma yako katika orodha, na pengine kijana huyo ametoka Eritrea au Libya. Umelipiza kisasi juu ya aliyedhulumiwa.

Hoja ya tatu ni dharura. Husema: maisha ni ghali, mzazi hana nguvu, na kibali kimemruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa 20 tu kwa juma, afanyeje? Twasema, dharura ya kweli yajulikana, na mwenye nayo hahitaji uongo, kwani hali yake yenyewe ndiyo itakayomshuhudia. Anayehitaji uongo ni yule ambaye kweli yake haimpatii anachotaka. Na huko si kushikwa na dharura, ni kutamani.

Huenda mtu akauliza: je, nikidhulumiwa mimi huko, mwenye nyumba akanila fedha, kibali kikacheleweshwa, ahadi yangu haivunjiki? Jawabu ni kwamba kosa la mwenye nyumba ni lake, na haki yako uidai kwake. Halifuti neno ulilompa mtu mwingine. Tukumbuke mkataba wa Hudaybiya. Abu Jandal alikuja kwa Waislamu akiburura minyororo yake, naye akarudishwa kwa Makureshi kwa sababu neno lilikuwa limekwisha kutolewa. Lilikuwa jambo chungu kwa Masahaba wote. Lakini ahadi ishikwayo inapokuwa tamu tu haistahili kuitwa ahadi.

Ndugu zetu, twapenda kusema wazi neno ambalo huenda likachoma. Kijana anapoondoka, wazee humkusanyikia na kumuusia juu ya nguruwe, pombe na wanawake. Wafanya vema. Lakini nani amuusiaye juu ya karatasi? Bali mara nyingine sisi wenyewe, baba na mjomba, ndio tunaokaa naye mezani na kumwambia: hapa usiandike hiki, na hapa andika sifuri. Kisha twamwombea dua na kumsindikiza. Tumemwonya na haramu ya Bologna, na haramu ya Nakuru tumemtilia katika mkoba kwa mikono yetu. Atajiepusha na nyama ile kwa miaka mitano, na kila siku ale mkate wa uongo, akidhani kwamba dini yake i salama.

Na atarudi. Atarudi daktari, au mhandisi, au mwalimu huko Njoro. Ataletewa karatasi ya dawa, au ya daraja, au ya alama za mwanafunzi, ili atie sahihi. Je, tutashangaa akiandika lililo na faida badala ya lililo kweli? Somo hilo tulimsomesha sisi, kabla hajapanda ndege.

Lakini kukemea peke yake hakutoshi, na anayemkataza maskini njia mbovu yampasa amwonyeshe iliyo njema. Twatumia mali nyingi katika arusi za siku tatu. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakiweka wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti na vyuo. Kwa nini tusiwe na wakfu wa wanafunzi, hapa pwani na Nakuru pia, ili kijana ambaye kweli yake imemnyima msaada wa Italia aupate kwa watu wake, wala asijute kwamba alisema kweli?

Basi jawabu letu kwa swali tulilolianzia ni hili: karatasi ya ugenini yamfunga Muislamu kama neno alilolisema msikitini, na pengine zaidi, kwa kuwa msikitini wako wanaomjua na kumrudi, na kule hana shahidi ila Mola wake. Wahenga wamesema ahadi ni deni, nao hawakusema ni deni kwa jamaa tu.

Wabillahi tawfiki.